Kabla ya Kuchanga Pesa za Ukuta wa Mto



Safari hii sitaandika juu ya ngeli wala methali, mtanivumilia. Mwezi uliopita, masomo yalipokwisha, baadhi yetu tulibaki katika chumba chetu nyuma ya Gare du Nord (wengine mnasema Noordstation, ni pale pale) kuzungumza juu ya mchango. Ndugu zetu wa Uvira wanaomba tuwasaidie kujenga ukuta wa mawe kando ya Mto Mulongwe, mahali ambapo maji yanakula viwanja vya watu. Ninyi watoto mlikuwa mmeshavaa makoti, mabegi mgongoni, mnasubiri tu wakubwa wamalize. Ndipo mmoja wenu akauliza: "Mbona mto unakula upande wetu tu? Ule wa pili hauli?" Wakubwa wakacheka, wakarudi kwenye hesabu zao za euro. Hakuna aliyemjibu.

Kwa maoni yangu swali lile lilikuwa la maana kuliko yote yaliyosemwa siku ile. Nitalijibu hapa, na wazazi msomeni pia, kwa sababu asiyejua mto unakula vipi hawezi kujua kama ukuta anaoulipia utasimama.

Mimi si injinia. Nilimaliza sekondari kwetu Uvira katika kitengo cha uuguzi, na kazi yangu hadi leo ni vidonda, sindano na zamu za usiku. Lakini nimezaliwa kando ya mto huo, na nyumba ya mama yangu ni mojawapo ya zile zilizo kwenye orodha ya mchango. Kwa hiyo mjue tangu mwanzo kwamba siandiki kama mtu asiyehusika. Mengi ya haya nilifundishwa na mzee mmoja Mflandria niliyekuwa nikimfunga kidonda cha mguu nyumbani kwake. Alifanya kazi za mito na mifereji maisha yake yote, na kila nilipombadilishia bandeji alinichorea kona za mito nyuma ya bahasha za benki. Ninazo bado zile bahasha.

Watoto, anzeni na kikombe cha chai. Iwe chai ya majani, si ya vifuko. Korogeni kwa nguvu, toeni kijiko, halafu tazameni majani yanakwenda wapi. Mtu angedhani yatarushwa pembeni kama nguo kwenye mashine ya kufulia. Sivyo: yanakusanyika katikati, chini kabisa. Albert Einstein aliandika makala juu ya jambo hili mwaka 1926, na katika makala hiyo hiyo alieleza kwa nini mito hupindapinda. Maji ya juu yanazunguka kwa kasi, kwa hiyo yanasukumwa nje. Maji ya chini yanasuguana na kitako cha kikombe, yanapoteza mwendo, kisha yanarudishwa ndani yakiburuta majani.

Kona ya mto ni kama kipande cha kikombe hicho. Maji ya juu yanakimbilia upande wa nje wa kona, yanagonga ukingo, yanazama, yanakwangua chini ya ukingo, halafu yanarudi upande wa ndani yakiwa yamebeba mchanga. Huko mwendo ni mdogo, kwa hiyo yanautua. Ndiyo maana upande mmoja unaliwa na upande wa pili unaota ufuko mpya ambapo vijana wanacheza mpira. Kadiri kona inavyozidi kujipinda, ndivyo inavyozidi kula. Yule aliyeuliza swali, hilo ndilo jibu lako: mto hauchagui watu. Nyumba ya mama yangu iko upande wa nje wa kona, na za majirani wa ng'ambo ziko upande wa ndani.

Angalieni pia kwamba mto unaanza kula chini, mahali usipopaona. Udongo wa juu unabaki ukining'inia kama paa, na juu yake nyasi ni za kijani na kuku wanadonoa. Halafu siku moja kipande chote kinaondoka.

Na siku hiyo mara nyingi si siku ya mvua. Hili naomba mlipigie simu nyumbani hata leo. Mto unapojaa, maji yenyewe yanausukuma ukingo na kuushikilia. Yakishuka haraka, udongo unabaki umelowa, mzito, na hakuna tena kinachoushikilia kwa mbele. Hapo ndipo unapoanguka. Watu wanasema mvua imekwisha, tumepona, wanakwenda ukingoni kutazama uharibifu, nao unawaangukia chini ya miguu.

Kwetu ilikuwa hivyo. Mulongwe ni mto mfupi. Unashuka kwa kasi kutoka milima ya Mitumba, unakatiza mji wa Uvira kwa mwendo mdogo tu, unaingia Ziwa Tanganyika. Ardhi tuliyojenga juu yake ni mzigo wa mito: mawe na mchanga ulioshushwa kwa maelfu ya miaka na kutandazwa pale mlima unapoishia. Mto wa aina hiyo hauna njia moja ya milele. Ukijaza mawe huku, unahamia kule. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mvua kubwa ilinyesha milimani na mito ya mji ikafurika. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zilibomoka au kuharibika, na mitambo ya maji ya REGIDESO ikapata hasara. Katika mji unaokijua kipindupindu kama Uvira, muuguzi akisikia habari ya mitambo ya maji hapati usingizi. Sisi wa Brussels wiki zile tulikuwa katikati ya wimbi la kwanza la korona. Nilipokea simu ya mama katika chumba cha kubadilishia nguo, barakoa ikiwa bado usoni. Akasema, "Mwanangu, sisi wazima, nyumba ipo." Siku mbili baadaye, jua likiwaka, akapiga tena: jiko la nje na mwembe ulio nyuma yake vimeondoka pamoja. Hakuna aliyekuwa ndani. Sufuria zilikuwa zimeanikwa mbele ya nyumba, basi zikapona.

Sasa tuje kwenye ukuta.

Kinachopendekezwa ni gabioni. Ni masanduku ya nyavu za waya yanayojazwa mawe na kufungwa pamoja, moja juu ya jingine. Neno limetoka kwa Waitaliano, *gabbione*, yaani kizimba kikubwa, na zamani vizimba hivyo vilisukwa kwa fito na kujazwa udongo ili kuwakinga askari na mizinga. Vya waya vilianza kutumika mitoni mwishoni mwa karne ya 19, huko huko Italia, kwenye Mto Reno karibu na Bologna. Uzuri wa gabioni ni kwamba hazihitaji saruji nyingi, wananchi wanaweza kuzijaza kwa mikono yao, na ardhi ikitikisika au kudidimia kidogo, zinapinda bila kupasuka. Maji ya nyuma yanapita katikati ya mawe, hayajikusanyi na kuusukuma ukuta. Kwa nchi yetu nazipenda kuliko zege.

Lakini ni nzito kuliko mnavyofikiri. Watoto wa darasa la juu, chukueni kalamu. Tuseme ukuta una urefu wa mita 30 na kimo cha mita 3, safu tatu: ya chini upana mita 2, ya kati mita 1.5, ya juu mita 1. Jumlisheni upana wote, mzidishe kwa urefu: mita za ujazo 135. Mita moja ya ujazo ya gabioni ina mawe ya kama tani 1.7. Mtapata zaidi ya tani 200, yaani malori 20 na kitu ya tani 10. Na huo ni ukuta wa kukinga viwanja viwili au vitatu tu.

Wazazi, swali langu la kwanza kwenu ni hili: malori hayo yatatoa mawe wapi? Ikiwa jibu ni "pale pale mtoni", mkawa mnachimba mbele ya ukuta au chini kidogo yake, basi mnalipia kaburi la ukuta wenu. Kitako cha mto kitashuka, na ukuta utabaki umesimama hewani. Mawe yatoke kwenye machimbo, au kwenye malundo yaliyoziba mto sehemu ambapo mhandisi amesema yanaweza kuondolewa.

La pili ni la kina. Hapa kazi yangu inanisaidia. Kidonda kirefu hakifungwi juu juu. Kinapona kuanzia chini, la sivyo ngozi inafunga na usaha unabaki ndani. Ukuta wa mto ni hivyo hivyo. Kwa kuwa maji yanakwangua chini, msingi lazima uingie chini ya kiwango ambacho mto unaweza kukichimba siku ya mafuriko, si siku ya kiangazi mnapopiga picha. Mahali ambapo haiwezekani kuchimba kina hicho, wanatandika mbele ya ukuta mkeka wa gabioni nyembamba, ulalao kitandani mwa mto. Mto ukichimba ncha ya mkeka, mkeka unainama na kulifunika shimo. Mzee wangu alipoona picha ya ukuta mmoja niliyomwonyesha kwenye simu, hakuuliza una kimo gani. Aliuliza, "Mguu wake uko wapi?" Picha haikuonyesha mguu. Mimi pia nikawa sijui la kumjibu.

Kuna mambo mengine madogo ambayo hayagharimu sana ila yanasahauliwa. Nyuma ya mawe kunawekwa kitambaa cha chujio, ili maji yapite bila kunyonya udongo. Bila hicho, ukuta unaonekana mzima na nyuma yake kuna pango. Ncha mbili za ukuta zinatakiwa kuingizwa ndani ya ukingo mgumu, kama unavyobandika plasta kwenye ngozi kavu na si kwenye ukingo wa kidonda, maana maji hutafuta ncha kwanza. Waya uwe mnene na uliopakwa zinki, na hata huo, katika mto unaoviringisha majabali kama Mulongwe, utakatika mahali fulani. Kwa hiyo ulizeni nani atazunguka kila baada ya mvua kubwa kutazama waya uliokatika, na atalipwa na nani. Katika orodha tuliyoletewa hakuna hata faranga moja ya matengenezo.

Kuna njia nyingine pia. Mkipanda treni kwenda Nijmegen, mtakapovuka Mto Waal tazameni dirishani: kutoka ukingoni yanatokeza matuta ya mawe, moja baada ya jingine, kama vidole vilivyonyooshwa majini. Waholanzi wanayaita *kribben*. Kazi yake ni kusukuma mkondo uende katikati, na kati ya kidole na kidole maji yanatulia, mchanga unatua. Watu wa nchi hizi tambarare tangu zamani walisuka pia mikeka mikubwa ya matawi ya miti, wakaielea hadi mahali pake, wakaizamisha kwa mawe. Kwetu kuna mianzi, matete na nyasi za vetiva zenye mizizi mirefu inayoshika udongo. Mimea peke yake haiwezi kuzuia Mulongwe upande wa nje wa kona. Anayewaambia hivyo anawadanganya. Lakini juu ya ukuta na kwenye sehemu zilizonyooka inafanya kazi kubwa kwa bei ndogo, na akina mama wa mtaa wanaweza kuipanda wenyewe.

Swali ambalo lilileta ubishi ni la jirani. Mkilinda viwanja vitatu, nguvu ya maji haipotei. Inateremka kwa mtu anayefuata, au inarudishwa ng'ambo. Vidole vya mawe vikiwa virefu mno vinaielekeza mito nyumbani kwa watu ambao hawakuwahi kusumbuliwa. Kaka yangu mkubwa, anayeishi kule na ambaye namheshimu sana, alinijibu kwenye simu: "Kila mtu alinde kwake." Nikamwambia, kaka, mto hausomi hati za viwanja. Hatujapatana bado. Msimamo wangu ni kwamba pesa zetu ziende kwenye kona nzima, pande zote mbili zikiwa zimekaa pamoja na kukubaliana, au zisiende kabisa.

Labda mnajiuliza Ubelgiji walifanyaje. Watoto, mnaposhuka chini ya Gare du Nord na kupanda tramu kuelekea Bourse, mkifika chini ya Boulevard Anspach mko ndani ya njia ya mto. Brussels ina mto wake, Senne, au Zenne kwa Kiholanzi. Ulikuwa ukipindapinda katikati ya mji, ukizunguka kisiwa cha Saint-Géry, ukifurika, ukibeba uchafu wa viwanda na vyoo. Mwaka 1866 kipindupindu kiliua maelfu ya watu hapa. Mwaka uliofuata, chini ya meya Jules Anspach, wakaanza kuunyoosha na kuufunika, na kazi ikamalizika 1871. Katika karne ya 20 wakauhamisha tena upande wa magharibi, kazi iliyokwisha mwaka 1955, na mwaka 1976 tramu za chini ya ardhi zikachukua mahandaki yale ya zamani. Ukingo hauliwi tena, kwa sababu mto umefungiwa chini ya ardhi. Maji machafu ya mji yaliendelea kumwagwa humo bila kusafishwa kikamilifu hadi mtambo wa pili wa kusafishia ulipoanza kazi mwaka 2007. Baadaye ukaja mpango wa kuufunua tena katika Bustani ya Maximilien, dakika chache kwa miguu kutoka stesheni yetu.

Sisemi hivyo ili kuwacheka. Nasema kwa sababu kwenye kikao baba mmoja alisema kwamba Wazungu wakijenga ukuta, mambo yamekwisha. Hayajaisha. Julai 2021 Mto Vesdre ulibomoa nyumba za Pepinster, hapa hapa Ubelgiji, kuta za mawe za mtoni zikiwepo. Na huko Nijmegen nilikowatuma kutazama vidole vya mawe, Waholanzi, pamoja na fedha na elimu yao yote, waliliondoa tuta la upande wa Lent, wakalirudisha nyuma mita 350, wakachimba mkondo wa pili. Familia zipatazo 50 zilihama ili mto upate nafasi.

Neno hilo la kuhama ndilo gumu. Nimemwomba mama aihamishe nyumba upande wa barabarani wa kiwanja, ambako kuna nafasi, na ukanda wa mbele aupande mianzi. Fedha zangu niko tayari kuzitoa kwa kazi hiyo kabla ya ukuta. Anakataa. Anasema, "Mto ulinikuta hapa." Ana miaka 74 na nyumba ile aliijenga kwa kuuza dagaa, tofali moja moja. Siwezi kumwambia kwamba mto haukumkuta, ila yeye ndiye aliyeukuta. Nilijaribu mara moja na simu ikakatika, sijui kama ni mtandao.

Tulichokubaliana ni hiki. Mtoto wa kaka yangu amepigilia vigingi kutoka ukutani kwa mama hadi ukingoni, kila hatua kigingi kimoja. Vilikuwa 12. Kila mwisho wa mwezi anavihesabu na kunitumia picha. Leo viko 9. Watoto, namba hizo zipo kwenye karatasi ya kijani iliyobandikwa mlangoni mwa darasa, na kuanzia sasa ninyi ndio mtakaochora grafu. Wazazi, nimeandika maswali yangu yote kwenye barua kwa kamati ya mtaa wa kule: mawe, kina cha msingi, chujio, ncha, matengenezo, na makubaliano na watu wa ng'ambo. Nimeomba pia jina la mhandisi atakayesimamia. Fedha mlizokwisha kutoa ziko salama, na hazitaondoka kabla majibu hayajaja na hatujayasoma pamoja. Anayetaka kurudishiwa zake anieleze bila haya.

Jumamosi ijayo tutajenga mto wenye kona ndani ya sinia kubwa la mchanga. Kila mtoto alete vyavu viwili vya machungwa au vitunguu, vile vinavyotupwa, na mfuko mdogo wa kokoto. Kundi moja litajenga ukuta wenye mguu, jingine ukuta usio na mguu, na la tatu litahamisha nyumba yake ya kiberiti. Sinia na ndoo ya maji nitaleta mimi. Tunaanza saa nne kamili asubuhi. Njooni na nguo zinazoweza kulowa, na tafadhali msichelewe kwa kisingizio cha treni.